Bunduki Haikuanguka Yenyewe

Watu wakiniona nachechemea huniuliza mguu umepatwa na nini. Huwajibu kwamba shemeji yangu alinipiga risasi. Basi hushusha sauti na kusema, "Pole kwa ajali, mama." Hapo ndipo ninapokasirika. Ajali ni kuteleza mtoni. Mimi nilipigwa na mtu ninayemjua jina, kwa bunduki ninayoijua ilipokuwa ikikaa, na mtunzaji wake nilikuwa mimi mwenyewe.

Nayaandika haya kwa ajili yako uliyelala wodini na chuma mwilini, au unayemuuguza aliyelala. Habari za mifupa na usaha waulize waganga, wao wamezisomea. Mimi nitakueleza yale ambayo hakuna aliyenieleza. Utanuka, na pua yako itazoea kabla ya pua za wageni. Nywele zitang'oka. Na watu unaowapenda watakuja kukaa kitandani pako, wakushike mkono, wakuombe useme uongo.

Kijiji chetu kipo mlimani, upande wa Iringa, mahali ambapo masika ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi. Baruti haipendi ukungu. Kwa hiyo gobori la marehemu baba mkwe lilitundikwa juu ya meko, kwenye moshi, likiwa limeshindiliwa baruti na risasi tayari. Kulitoa kilichomo ni kazi na ni kupoteza baruti, hivyo likishindiliwa kwa ajili ya nguruwe pori wa mwezi wa kumi na mbili, nguruwe wasipokuja, linabaki hivyo hivyo mpaka mahindi yakomae. Isitoshe, ilikuwa aibu. Gobori la mzee likikutwa tupu, watu husema nyumba ile haina mwanamume.

Kila Jumamosi nililifuta masizi. Fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti, nilikifunika kwa kitambaa cha mafuta kisipate kutu. Hata risasi zilikuwa zangu: sufuria yangu ya chuma ilipasuka, nikampa mume wangu Kalisti aipondeponde vipande. Chini ya gobori hilo walilala wanangu wawili, Yustina wa miaka tisa na Gaudensi wa miezi minane. Sikuwaza lolote. Nilijiona mke hodari.

Ukiuliza kwa nini watu wanapigana risasi, utaambiwa ni pombe, ni hasira, ni ugomvi wa mali. Siku ile vyote vilikuwepo, sikatai. Lakini hasira ya Fidelis ingeisha kwa ngumi mbili na kesho yake angekuja kuomba chumvi, kama kitu kile kisingekuwa hatua tatu kutoka mkononi mwake.

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa, ulanzi umekolea. Kwa asiyeujua, hiki ni kilevi tunachokigema kwenye mianzi michanga wakati wa mvua, na kila kichaka cha mianzi kina mwenyewe. Kugema mwanzi wa mtu kwetu ni kama kumkamulia ng'ombe wake. Wanaume saba walikuwa wameketi uani kwetu. Mimi nilikuwa ndani mekoni, watoto wako nje na bibi yao. Nikamsikia Fidelis, mdogo wake Kalisti, akiongea kwa sauti ya juu.

"Kaka, ile mianzi ya bondeni baba alinipa mimi."

"Baba alikupa ya mtoni. Acha kelele, watu wanakunywa."

"Leo asubuhi umegema yangu. Nimekuta mbeta yako imefungwa pale."

Mbeta ni kile kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi. Kalisti akacheka. "Ungejuaje ni mbeta yangu? Wewe hata kuifunga hujui, mpaka leo nakufungia mimi."

Wale wanaume wakaangua kicheko. Ni utani tu wa kaka na mdogo wake, lakini Fidelis alikuwa ameoa mwaka ule, na wakwe zake wawili walikuwa pale wanacheka pamoja na wengine. Akaingia ndani bila kubisha hodi. Akanyoosha mkono juu ya meko.

"Shemeji, weka chini," nikamwambia, nikamzibia mlango.

"Namtisha tu. Toka mlangoni."

"Ina kitu ndani, Fidelis!"

"Toka!"

Sikutoka. Nilishika mtutu kwa mikono yote miwili nikausukuma chini. Baadaye wengi waliniambia nilikosea, ningempisha. Ningempisha, leo Kalisti angekuwa kaburini na Fidelis angekuwa amenyongwa na serikali. Sijutii mikono yangu.

Moshi ulijaa nyumba. Nilifikiri paa linaungua. Kisha nikaona kanga imelowa, na mguu wangu wa kushoto, chini ya goti, umeelekea upande ambao mguu hauelekei.

Walinibeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni, mwendo wa saa sita. Fidelis alikuwa mmoja wa wabebaji wanne. Alilia njia nzima, makamasi yakimdondoka, wala hakukubali kupokewa. Mama mkwe alitembea ubavuni mwangu akinipepea nzi kwa tawi. Tulipovuka mto wa pili akainama sikioni mwangu.

"Mwanangu, bunduki ilianguka. Umenisikia? Ilikuwa imetundikwa, ikaanguka yenyewe."

Alilirudia neno hilo tena na tena kama mtu anayesali rozari.

Hospitalini tulikuta baraza imejaa. Walioleta watoto wenye homa walitupisha, mmoja akanivulia kitenge chake akanifunika. Sijui jina lake mpaka leo. Kesho yake alikuja askari wa polisi na daftari, kijana mwenye adabu, akauliza ilikuwaje. Mama mkwe alikuwa amekaa miguuni pangu. Kalisti alikuwa ameegemea dirisha, ananitazama. Nilikuwa na homa, na nilikuwa naogopa kurudi kwenye nyumba isiyonitaka.

"Ilianguka," nikasema.

Akaandika. Nikatia sahihi, maana darasa la nne nilifika. Fikiria basi: elimu yangu yote ya misheni niliitumia kuweka jina langu chini ya uongo.

Masika yote niliyapitisha pale. Sindano asubuhi, sindano jioni, mpaka makalio yakawa magumu kama ngozi ya ngoma. Mguu ulifungwa plasta, plasta ikakatwa dirisha, kwenye dirisha kukawa kunatoka usaha na vipande vya mfupa vidogo kama punje za mchele. Maziwa yalinikauka wiki ya tatu. Gaudensi aliletwa, nikampa titi, akavuta, akanitazama kwa hasira, akageuka akamnyooshea bibi yake mikono. Nimeumwa na mengi, lakini hilo ndilo lililoniliza kwa sauti mbele ya wodi nzima. Mama mkwe alimpakata akatoka naye nje. Alimlea vizuri, lazima niseme haki. Alimtafunia viazi, alimpikia uji wa ulezi, na kila alipokuja aliniuliza kwa upole kama polisi wamerudi.

Kitanda cha pili kutoka kwangu alilala Bibi Selina, mjane wa Idodi, aliyevunjika nyonga. Ulimi wake ulikuwa mkali kama pilipili kichaa. Wiki ya sita, muuguzi alipokuwa akinisafisha, kikatoka kipande cha chuma. Bibi Selina akasikia kinavyogonga bakuli.

"Bunduki iliyoanguka ilikulenga vizuri kweli," akasema.

Nikageuza uso ukutani.

"Kwetu Idodi, binti, tuna tembo shambani na simba zizini. Bunduki si pambo. Lakini mwanamume akirudi anaitoa kilichomo huko nje ya ua, na fataki ananikabidhi mimi mkononi. Asipofanya hivyo, ugali wangu hali. Marehemu alijaribu mara moja. Alilala njaa siku mbili, na ni yeye aliyekuwa mwindaji."

"Na baruti inayopotea?"

"Baruti itanunuliwa. Mguu wako uliununua duka gani?"

Nilicheka mpaka plasta ikaniuma. Halafu nikafikiri siku nyingi. Wale wenye simba mlangoni wanaitoa kilichomo. Sisi wenye nguruwe tunalala nayo imeshiba.

Mfupa ulikataa kuunga. Kipupwe kilipoingia nilipelekwa Mbeya, kwa daktari wa mifupa. Safari ya basi ilikuwa ya vumbi na kutapika, mguu umenyooshwa kwenye njia ya abiria, kila apitaye anaukanyaga na kuniomba radhi. Igawa tuliposimama jua lilikuwa kali, na mama mmoja muuza wali alinivutia gogo niweke mguu, akanipa maji ya kunawa uso kabla hata sijanunua. Mgonjwa anayakumbuka mambo kama hayo kuliko majina ya dawa.

Mbeya kuna baridi kuliko kwetu. Dada yangu Leonsia ameolewa huko na fundi mwashi, na kila mchana alipanda mlima na ndizi zilizopikwa kwa maharage, amezifunga kwenye blanketi zisipoe. Daktari, mgeni asiyejua Kiswahili, alinipasua mara mbili. Kabla ya mara ya pili akasema huenda mguu ukakatwa. Nikamwambia mkalimani, "Mwambie akate akiona hakuna njia, lakini aniamshe kwanza nimwambie mwenyewe kwamba nimekubali. Nimechoka kuamuliwa nikiwa nimelala." Mkalimani akasita, nikamwambia amfikishie yote. Daktari akacheka, akaitikia kwa kichwa. Nilipozinduka mguu ulikuwepo. Kwenye bakuli kulikuwa na vipande vitatu vya chuma, na kimoja kilikuwa na kile kijinundu cha mshikio. Nilikijua. Ni sufuria niliyoipikia miaka kumi.

Mguu ulianza kuunga mvua za mwaka ule zilipoanza. Ulibaki mfupi kwa vidole vitatu. Nilikuwa nimejifunza magongo, napanda na kushuka ngazi, wauguzi wananipigia makofi, Kalisti alipokuja kunichukua. Alikuwa amekonda. Aliniletea habari za watoto, za mahindi, za jirani aliyefariki. Nikaona kuna jambo analizunguka.

"Sema tu, Baba Yustina."

"Polisi wamefunga faili. Wameturudishia bunduki na kibali chake."

"Iko wapi?"

"Pale pale."

"Ina kitu?"

Akatazama magongo yangu. "Nguruwe wamesumbua sana mwaka huu, mke wangu."

"Na watoto wanalala wapi?"

Leonsia, aliyekuwa anafunga mizigo yangu, aliacha kufunga.

Nilijua basi kwamba neno langu moja ndilo lililoirudisha. Kama ilianguka yenyewe, kosa lilikuwa la msumari. Kalisti alikuwa ameshabadilisha msumari, akaniambia hivyo kwa fahari, msumari mnene wa inchi sita. Sijawahi kumchukia mume wangu, lakini pale nilikaribia.

Tulifika nyumbani adhuhuri. Majirani walikuwa wamekusanyika, wameimba, wameniita kwa vigelegele. Kamwene, kamwene, salamu ya kwetu, kutoka kila upande. Yustina alikuwa amerefuka. Gaudensi anatembea, akajificha nyuma ya bibi yake. Nilifika mlangoni, nikaona kitako cha gobori juu ya meko, nikageuka nikakaa kwenye gogo la uani.

"Ingia, mwanangu, upumzike," akasema mama mkwe.

"Siingii mpaka kitu kile kitoke na kitolewe kilichomo. Wala sipiki."

Walidhani ni uchovu. Siku ya pili walidhani ni wazimu wa hospitali. Nilikaa uani, usiku nikalala kwa jirani, asubuhi narudi kwenye gogo langu, mvua ikija najifunika gunia. Kalisti alipika mwenyewe, ugali ukawa na mabonge, watu wakamcheka. Mama mkwe alikuja kukaa karibu yangu siku ya tatu.

"Unataka nini? Unataka Fidelis afungwe? Ni mwanangu. Na wewe ni mwanangu, nimekulelea mtoto."

"Umemlea, mama, na nakushukuru. Na kila jioni umemlaza chini ya ile bunduki."

"Haitaanguka tena."

"Haikuanguka, mama! Wewe unajua, mimi najua, na Mungu anajua. Ukiendelea kusema ilianguka, hakuna mtu atakayejifunza kitu hapa isipokuwa kununua misumari."

Aliondoka bila kuniaga. Siku ya nne jumbe, mkuu wetu wa kijiji, aliitisha baraza. Wazee walisema maneno mengi mazuri. Wakanipa pole. Wakasema Fidelis atoe ng'ombe mmoja na blanketi, ninywe ulanzi naye kibuyu kimoja, yaishe, na bunduki ya marehemu ibaki mahali pake, kwa heshima ya marehemu.

Nikaomba kusimama. Kijana mmoja akataka kunishika, nikamkatalia.

"Ng'ombe sitaki. Nataka kusema. Mimi niliwaambia polisi ilianguka. Nilidanganya. Na kabla ya hapo nililipangusa gobori lile kila Jumamosi, nikaifunika fataki, nikatoa sufuria yangu iwe risasi. Kwa hiyo na mimi nimo. Lakini mnisikilize. Mnasema ni ulanzi. Haya, ulanzi tumeunywa tangu babu zetu, na wanaume wamepigana mpaka meno yakatoka. Nani alibebwa kwa machela? Meno yakitoka, mtu anatafunia upande wa pili. Kalisti, nenda kalilete hapa, ulitoe kilichomo mbele ya watu wote waone wanangu wamelala chini ya nini."

Mzee mmoja akanung'unika kwamba mwanamke haagizi bunduki ya mwanamume. Nikamwambia, "Nimeibeba mwilini zaidi ya wewe ulivyoibeba begani." Wanawake waliokuwa wamesimama nyuma walicheka, na kicheko kile kilinipa nguvu.

Kalisti akainuka. Nilidhani anaondoka kwa hasira. Akarudi na gobori. Akaiondoa fataki, akachokoa kwa ule ufito wa chuma muda mrefu, akaliinamisha. Kikatoka kitambaa, vikatoka vipande vya chuma, ikatoka baruti nyeusi, kavu kabisa. Nilikuwa nimefunza nyumba yangu kazi vizuri. Yustina alikuwa amesimama pale, anaangalia vile vipande. Kisha akamwangalia baba yake, na Kalisti hakuweza kuinua uso.

Fidelis alikuwa amekaa ukutani. Tangu machela ile hakuwahi kunitazama. Sasa akasimama.

"Nilivuta mimi," akasema. "Shemeji aliniambia ina kitu. Nilimsikia. Nikavuta."

Mama mkwe alipiga yowe kama msibani.

Jumbe alimpeleka boma, kwenye ofisi za serikali, na bunduki ikaenda naye. Mimi nami niliitwa. Hakimu alinikaripia kwa uongo wangu, akaniambia ningeweza kufungwa, nikamwambia ni haki yake kunifunga. Akaniachia kwa sababu ya ugonjwa. Fidelis alifungwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kibali kilifutwa. Nguruwe tuliwalinda kwa madebe na mbwa, na wakala sehemu yao, kama walivyokula bunduki ilipokuwepo.

Usidhani nilishangiliwa. Mama mkwe alihamia kwa binti yake, na kwa misimu miwili nilipokutana naye kanisani aliketi upande mwingine. Mke wa Fidelis alinitemea mate kisimani. Kalisti na mimi tulikula kimya siku nyingi kabla hatujazungumza kama zamani. Mguu hutoa usaha kila kipupwe, nausafisha kwa maji ya chumvi, nanyanyuka. Kijijini wanawake watatu walianza kudai fataki mkononi kabla ya kupakua chakula. Watatu tu. Mmoja alipigwa kofi na mumewe, akapakua ugali akaupa mbwa. Sasa mume yule anaitoa kilichomo uani mwenyewe bila kuulizwa.

Kwa hiyo wewe uliyelala huko, askari akija na daftari, taja jina. Wenzako wakija kukushika mkono, washike, lia nao, lakini taja jina. Ukiwa umeshadanganya kama mimi, bado unaweza kurudi na kusema umedanganya. Inauma kuliko sindano, na haiui.

Fidelis alitoka gerezani mavuno ya mbaazi. Nilikuwa napepeta uani. Alisimama mbali, nje kabisa ya ua, nywele zimenyolewa, kofia mkononi, hajui kama aseme hodi. Nilimwona anautazama mguu wangu, safari hii bila kugeuza macho.

Sikumwambia nimesahau. Nilimwambia anawe mikono, chakula kipo.